Gari la Nje au Gari la Hapa: Mwongozo kwa Mnunuzi wa Gitega na Muyinga

Burundi haina kiwanda cha kuunda magari. Kila gari unaloliona Gitega mjini au kwenye barabara ya Muyinga liliundwa kwingine. Mengi yametoka Japani, yakatumika huko miaka kadhaa, yakapakiwa melini hadi Dar es Salaam, kisha yakaingia nchini kwa mpaka wa Kobero. Kwa hiyo mtu wa kwetu akiuliza, "Ninunue la nje au la hapa?", hazungumzii mahali gari lilipoundwa. Anataka kujua kama ni heri aagize gari ambalo halijawahi kukanyaga barabara za Burundi, au achukue lenye plaki zetu tayari, lililokwisha kupanda na kushuka milima hii kwa miaka.

Msimamo wangu nautoa mapema ili usome ukiujua. Gari linategemeka pale tu ambapo fundi analijua na kipuri chake kinapatikana. Kwa mkazi wa Gitega au Muyinga, jambo hilo lina uzito kuliko la nje na la hapa. Chagua kwanza aina ya gari. Ukishaichagua, ndipo upime la nje na la hapa kwa ushahidi unaoweza kuushika mkononi, si kwa maneno ya muuzaji.

Anzia dukani, si kwa muuzaji

Kabla hujaangalia gari hata moja, tembelea maduka ya vipuri ya mji wako na uulize bei za vitu vinavyoisha au kuvunjika mara kwa mara: pedi za breki, shokapu za mbele, bushi, pampu ya maji, rejeta, taa ya mbele, kioo cha pembeni. Andika kipi kipo rafuni leo na kipi utaambiwa usubiri. Ukisikia "hicho mpaka Buyenzi" kwa kila unachouliza, umeshajifunza jambo kubwa. Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura unaojulikana kwa mafundi wake, una karibu kila kitu, lakini kutoka Gitega ni safari ya takriban kilomita 100, na kutoka Muyinga ni mbali zaidi. Gari lililosimama siku tatu likisubiri kipuri cha bei ndogo limekula hasara kubwa kuliko kipuri chenyewe.

Ukifanya uchunguzi huo utaona kwa nini Toyota Probox imeenea hivi Burundi na kuwa teksi ya safari za mikoani. Ilianza kuuzwa Japani mwaka 2002 kama gari la kazi la makampuni. Yenye injini ya lita 1.5, ambayo chesisi yake huanza na NCP51, hutumia injini ya 1NZ-FE. Injini hiyohiyo imo ndani ya Corolla za kizazi kile, Vitz za lita 1.5, IST, Platz, Sienta na Raum. Maana yake ni kwamba kipuri cha injini kinachoingia kwenye Probox kinaingia pia kwenye magari mengine mengi, na mwenye duka hana hofu ya kukiweka. Inatumia cheni ya taimingi, si mkanda, kwa hiyo huna wasiwasi wa mkanda kukatika njiani na kuharibu safari. Ipo pia ya magurudumu manne yenye nguvu, NCP55, na kwa anayeishi juu ya kilima ambako njia hugeuka tope msimu wa mvua ningemshauri aitafute hiyo hata kama itamchelewesha.

Kuna injini ambazo ningekuomba uziogope. Miaka ya mwisho ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 Toyota ilitoa injini za D-4, zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa. Utazikuta kwenye baadhi ya Noah na Voxy za 2001 hadi 2007, kwenye RAV4 za Japani za wakati huo, na kwenye Premio kadhaa. Kwenye mafuta safi na huduma ya kudumu zilifanya kazi yake. Kwenye mafuta yetu hujaza masizi, pampu ya shinikizo huchoka, na mafundi wachache ndio wanaojua kuzirudisha katika hali yake. Noah nzuri inayouzwa bei rahisi mara nyingi ni rahisi kwa sababu hiyo. Fungua boneti usome: kifuniko kikiwa kimeandikwa D-4, jiulize mara mbili.

Na Probox iliyotoka 2014 kuja huku imeacha giaboksi ya zamani ya gia nne na kuchukua CVT, kama magari mengine mengi madogo. Gari ni jepesi kwa mafuta, lakini giaboksi hiyo inataka oili yake maalumu. Fundi akiimwagia oili ya kawaida ya otomatiki, itakufa, na kuipata nyingine Gitega si kazi ya siku moja. Kama huna uhakika wa oili hiyo na wa fundi anayeielewa, gari la zamani kidogo lenye gia za mkono litakutumikia vizuri zaidi.

Gari la nje: lifuate tangu Japani

Uzuri wa gari la nje uko katika sheria za Japani. Gari dogo la abiria hukaguliwa na serikali likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na ukaguzi huo ni wa gharama. Gari la mizigo, na Probox ya kazi imo katika kundi hilo, hukaguliwa kila mwaka baada ya miaka miwili ya kwanza. Wajapani wengi huuza gari ukaguzi unapokaribia, si kwa sababu limeharibika. Ndiyo maana Probox yenye kilomita 180,000 iliyokuwa ya kampuni iliyolipeleka gari gereji kwa ratiba yaweza kuwa bora kuliko Vitz yenye kilomita 60,000 isiyo na historia. Usitishwe na kilomita nyingi zenye maandishi. Tishwa na kilomita chache zisizo na maandishi.

Maandishi yenyewe ni mawili. La kwanza ni karatasi ya mnada. Magari mengi yanayotoka Japani hupita minadani, na mkaguzi wa mnada hulipa kila gari alama: 5 na 4.5 ni zuri sana, 4 ni zuri, 3.5 limetumika lakini linafaa, 3 kushuka chini lina kasoro za wazi. Herufi R au RA inamaanisha lilipata ajali likatengenezwa. Kuna pia mchoro wa gari wenye herufi ndogo: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni mahali palipopigwa na kunyooshwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba inayofuata herufi inaonyesha ukubwa wa kasoro. Mdai muuzaji akupe karatasi hiyo yenye namba ya chesisi ya gari unalolilipia, na usikubali picha iliyokatwa nusu.

Karatasi ya pili ni cheti cha kulifuta gari kwa ajili ya kusafirishwa. Humo utaona mwezi na mwaka wa kusajiliwa mara ya kwanza, na pia kilomita zilizosomwa kwenye ukaguzi. Linganisha na dashibodi. Kilomita za dashibodi zikiwa chache kuliko za cheti, kilomita zimerudishwa nyuma, na hilo hutokea Dar es Salaam na hapa nyumbani kama linavyotokea Japani.

Uliza pia gari lilikaa mkoa gani. Hokkaido na mikoa ya kaskazini hupata theluji nyingi na barabara zake humwagiwa chumvi, na chumvi hula chuma kutoka chini. Gari la huko litang'aa juu huku mabomba ya breki na mikono ya nyuma imekwisha. Likishafika, lala chini uangalie. Rangi nyeusi mpya iliyopakwa kwenye chesisi yote imewekwa kuficha kitu. Tazama na matairi: yakiwa na neno STUDLESS ni ya theluji, ni laini, na kwenye lami yetu hayashiki vizuri unapopiga breki. Ubavuni kuna tarakimu nne, kwa mfano 2319, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Sasa safari ya nchi kavu. Kutoka bandari ya Dar es Salaam hadi Kobero ni zaidi ya kilomita 1,200, kupitia Morogoro, Dodoma, Singida, Kahama na Ngara. Mengine hupakiwa kwenye malori ya kubeba magari, lakini mengi huendeshwa na madereva wa kukodi. Tanzania wanayaita magari ya IT, na wanaosafiri kwenye barabara hiyo wanajua mwendo wake: dereva analipwa kwa safari, anataka kufika, kurudi na kuchukua jingine, na wapo wanaobeba abiria na mizigo njiani. Gari lako linakimbia kilomita hizo zote kwa oili iliyokaa ndani miezi mingi, na betri iliyolala bandarini.

Kama unaagiza, lipia lori la kubeba ukiweza. Usipoweza, mwagize wakala akupigie picha bandarini kabla gari halijaondoka: dashibodi yenye kilomita, tairi la akiba, jeki, redio, kadi ya ramani, vifuniko vya magurudumu. Piga picha hizohizo Kobero. Mtu wa Muyinga ana nafasi ambayo wa Bujumbura hana: anaweza kuwepo mpakani, kwenye kituo cha pamoja cha Kobero na Kabanga, gari linapovuka, akaliona kabla halijaoshwa na kupelekwa kwenye maegesho ya kuuzia. Tumia nafasi hiyo. Chukua fundi wako, mlipe siku yake, mkalione likiwa na vumbi la Ngara.

Likifika, usilipandishe Gitega siku hiyohiyo kama hujabadilisha oili na filta zake, ukakagua maji ya breki na ya rejeta. Na uweke oili nyepesi iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, kama 5W-30. Injini zenye VVT-i hutumia shinikizo la oili kupitia matundu membamba kurekebisha vali. Oili nzito ya SAE 40 ambayo baadhi ya mafundi wanaiona kuwa ndiyo "yenye nguvu" huifanya injini hizo kuchelewa na kuchoka.

Gari la hapa: aibu zake zimeshaonekana

Wanaodharau gari la hapa husema barabara zetu zimelimaliza. Yapo yaliyomalizwa kweli. Lakini gari lililokaa miaka minne Gitega mikononi mwa mtu unayemjua lina sifa moja ambayo la nje halina: unajua lilipolala, nani alilitengeneza, na lilisimama mara ngapi. Fundi wake yupo. Mfuate bila mwenye gari na umuulize amebadilisha nini. Mafundi wa mtaa wa Shatanya, Gitega, au wa Muyinga mjini hulitambua gari kwa plaki kabla hawajaliona kwa karibu.

Ndani ya magari ya hapa, ningetanguliza yanayouzwa na mashirika ya kimataifa na miradi inapofunga, kwa kawaida kwa zabuni iliyotangazwa. Mengi ni Land Cruiser za mfululizo wa 70 na Hilux, zililetwa zikiwa mpya, usukani kushoto, na zina daftari la huduma. Injini ya 1HZ ya dizeli iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za namna hiyo ni ya kizamani kwa maana nzuri, haina kompyuta ya kuisumbua, na fundi wa mkoani anaifungua na kuifunga. Bei ya mafuta yake ndiyo itakayokutesa.

Chini kabisa ya orodha yangu ni Probox iliyokuwa teksi ya safari ndefu. Hayo magari yameundwa kubeba, na yamebeba kupita kiasi: abiria kuliko viti, juu mananasi na magunia. Angalia chini nyuma kama springi zimeongezewa, kama kuna welding mahali springi inapokaa, kama mkia umeinama upande mmoja. Tazama milango ya nyuma inavyofunga. Bodi iliyopinda haifungi sawa. Injini ya gari kama hilo inaweza kuwa hai bado, lakini bodi imeshachoka.

Ukienda kulikagua gari la hapa, nenda alfajiri, na umwambie mwenyewe asiliwashe kabla hujafika. Asubuhi za Gitega ni za baridi, mji uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ndiyo inayofichua siri za gari. Gusa boneti. Likiwa la moto, amelipasha kwa sababu. Fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya maziwa unasema maji yameingia kwenye oili. Zungusha ufunguo bila kuwasha na utazame taa za dashibodi. Zote, pamoja na ya injini, lazima ziwake kisha zizime gari likishaunguruma. Taa ya injini isiyowaka kabisa imetolewa balbu. Washa, nenda nyuma, tazama moshi: wa buluu ni oili inayoungua, mweupe mzito usioisha ni maji.

Muulize fundi kuhusu themostati. Wengi huitoa wakiamini injini itapoa vizuri. Kwenye joto la Bujumbura mtu aweza kudhani amefaulu. Gitega na Muyinga injini isiyo na themostati haifikii joto lake, inakula mafuta mengi na kuchakaa haraka. Ukikuta imetolewa, mara nyingi sababu ni kwamba gari liliwahi kuchemka. Chunguza hapo kwa makini, kwa sababu injini iliyochemka vibaya huharibu kichwa cha silinda, na hiyo ndiyo gharama itakayokurudisha kuwa mtembea kwa miguu.

Kisha lipeleke mlimani. Jaribio la kuzunguka sokoni halikuambii kitu. Kutoka Gitega shika barabara ya Muramvya kuelekea Bugarama, ambako unafika zaidi ya mita 2,000. Injini hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu yake kwa kila mita 1,000 unazopanda, ndiyo sababu Vitz ya lita moja inayokimbia Bujumbura inahema Bugarama ikiwa na watu wanne. Sikiliza kama gia zinarukaruka, tazama kipimo cha joto, na mnapoteremka tumia gia ndogo kisha unuse breki. Gari lisilopanda mlima na kushuka bila malalamiko halikufai hata kama ni jipya kutoka melini. Cheti cha kontrole teknike cha OTRACO, shirika la usafiri wa umma, ni lazima kwa sheria na ukidai, lakini hakikupimii uhai wa injini.

Usukani, taa na mlango

Hili la usalama wauzaji hawalisemi kabisa. Burundi tunaendesha upande wa kulia. Japani na Tanzania wanaendesha kushoto. Rwanda ilizuia kuingiza magari ya usukani wa kulia mwaka 2005. Sisi tunayo mengi, na tumeyazoea kiasi cha kusahau kwamba yanahitaji marekebisho.

Taa kwanza. Taa ya chini ya gari la Japani imetengenezwa imulike zaidi upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara ya huko. Kwetu upande wa kushoto ndiko anakotoka mwenzako, kwa hiyo unampofusha usiku kila mnapokutana kwenye kona, na ukingo wako wenye watembea kwa miguu na baiskeli unabaki gizani. Tafuta taa za usukani wa kushoto kama zipo kwa modeli yako; zisipopatikana, mwambie fundi azishushe na azibe sehemu ya kioo inayorusha mwanga juu kushoto.

Pili, mlango. Hiace na Noah za Japani nyingi zina mlango wa kusukuma upande wa kushoto. Hapa mlango huo unafunguka katikati ya barabara. Ukinunua Hiace ya abiria, hili ndilo swali la kwanza, kabla ya injini. Noah zenye milango pande zote mbili zipo. Chagua hizo na ufunge ule wa kushoto.

Tatu, kupita gari jingine. Dereva aliyekaa kulia haoni mbele ya lori la Bugarama mpaka ametoka nusu ya gari. Kama unasafiri mara kwa mara kati ya Gitega na Bujumbura, au Muyinga, Ngozi na Kayanza, tafuta gari la usukani wa kushoto hata ukilipa zaidi. Mimi naliona hilo kuwa la thamani kuliko miaka mitatu ya upya.

Vipi kuhusu yaliyounganishwa Afrika Mashariki?

Jumuiya yetu ina viwanda. Kenya inaunganisha Isuzu Nairobi, na kuna viwanda vya kuunganisha Mombasa na Thika. Volkswagen ilifungua kiwanda Kigali Juni 2018. Uganda ina Kiira Motors na mabasi yake ya Kayoola. Gari lililounganishwa vizuri kwa vipande vya kiwanda mama halina ubora pungufu, na lori la Isuzu la Nairobi limejengwa likijua barabara za Afrika. Kwa mnunuzi wa Gitega tatizo ni jingine. Wateja wa magari hayo ni makampuni na serikali, bei yake ni ya gari jipya, na mpaka wetu na Rwanda ulifungwa Januari 2024, kwa hiyo Kigali haikufai kwa vipuri. Mfano wa Mobius wa Kenya unafundisha: gari lilibuniwa hasa kwa barabara mbovu za Afrika, jambo zuri kabisa, lakini Agosti 2024 kampuni ilitangaza kuifunga biashara kabla ya mwekezaji mwingine kujitokeza. Mwenye gari la kampuni changa huishi na wasiwasi huo kila kipuri kinapovunjika.

Mafuta yameingia kwenye hesabu

Kwa miaka kadhaa sasa Burundi imekosa mafuta mara kwa mara, na foleni za vituoni mnazijua. Hilo limebadilisha maana ya gari linalotegemeka. Gari linalokula kidogo linategemeka kuliko lenye nguvu, kwa sababu litakuwepo barabarani wakati jingine limesimama.

Uhaba una madhara mengine ndani ya gari. Pampu ya mafuta ya gari la injekta hukaa ndani ya tenki na hupozwa na mafuta yenyewe. Anayeendesha tenki likiwa karibu tupu kila siku anaipika. Esansi ya bidoni inayovushwa kwa magendo na kuuzwa njiani huja na maji na uchafu, na mara nyingine mafuta ya taa. Unaponunua gari la hapa, hesabu kwamba limeinywa. Badilisha filta ya mafuta, safisha tenki na injekta, upime shinikizo la pampu. La nje halijaonja hayo bado, na hapa limeshinda waziwazi.

Uhaba huohuo umewafanya watu waulize magari ya haibridi. Probox ya haibridi ilianza kutolewa mwishoni mwa 2018, na Aqua zipo nyingi Japani. Mafuta yanayookolewa ni ya kweli. Lakini betri kubwa huchakaa, feni yake hujaa vumbi, na fundi mwenye mashine ya kuipima ni nadra nje ya Bujumbura. Ununue tu ukiwa umeshamwona fundi huyo kwa macho yako na ameshatengeneza mbili tatu.

Pesa na karatasi

Gari la nje hulipwa kwa dola, na bei ya Japani ni mwanzo tu. Ongeza meli na bima, gharama za bandari, wakala wa Dar es Salaam, usafiri hadi Kobero, ushuru wa OBR (mamlaka ya mapato), kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, malipo ya deklara (wakala wa forodha), plaki, karte roze na bima. Hesabu yote kwa bei ya dola utakayoipata kweli, si iliyotangazwa benki. Mei 2023 Benki Kuu ilishusha thamani ya faranga kwa kiasi kikubwa kwa mara moja. Aliyekuwa amelipa nusu na kuacha nusu alijikuta anadaiwa gari jingine. Usianze kuagiza kabla hujawa na fedha yote pamoja na akiba. Kanuni za ushuru na za umri wa gari hubadilika na bajeti, basi muulize deklara kwa mwaka huu, si wa jana.

Fedha ya Japani itume kwenye akaunti ya kampuni, kamwe si ya mtu binafsi, na uangalie kama kampuni imo kwenye orodha ya wanachama wa JUMVEA, chama cha wasafirishaji wa magari yaliyotumika. Kwa gari la hapa, jina la kwenye karte roze liwe la anayekuuzia, namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe, risiti za forodha ziwepo, na mutasiyo (kuhamisha umiliki) ifanyike kabla fedha yote haijatoka mkononi. Muyinga kuna mtego wake: gari la namba za Tanzania linalouzwa rahisi kwa sababu "liko karibu na mpaka". Ushuru haujalipwa. Likikamatwa, ni wewe utakayelipoteza.

Hukumu yangu

Kama gari ni la biashara ya safari ndefu, na una fedha yote, agiza la nje lenye karatasi ya mnada ya alama 3.5 au 4, modeli ambayo vipuri vyake vimejaa Gitega, na ulipokee Kobero mwenyewe. Kama ni la familia, la shule, soko na hospitali, gari la hapa la mtu anayejulikana, lenye fundi anayelisimulia bila kusita, litakupa utulivu zaidi kwa fedha ndogo. Lipo la tatu ambalo ningependa usilinunue kamwe: lililoingia juzi, halina karatasi ya mnada, limepakwa rangi mpya, na muuzaji anasema ni la nje kwa hiyo halihitaji kukaguliwa. Muuzaji yeyote akikataa fundi wako alione gari alfajiri likiwa baridi, mshukuru na uondoke.